Mawe Ndani ya Tangi: Mwongozo wa Kufunga Mtambo wa Maji Safi Kwenye Vani ya Muosha Madirisha

Anayeosha madirisha ya London kwa maji ya bomba kisha akayaacha yakauke yenyewe, ajue anachofanya: anampaka mteja chokaa kwenye vioo na kumdai pesa. Hilo si tusi, ni kemia. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya chaki vya kusini mashariki mwa Uingereza hubeba kaboni dayoksaidi, ikawa asidi dhaifu, ikazama ardhini huku ikiyeyusha chaki njiani. Mito ya Thames na Lea, inayoinywesha London kwa sehemu kubwa, hulishwa na chemchemi za ardhi hiyo. Maji yakifika bombani ni angavu na salama kunywa, lakini kila lita huwa imebeba miligramu 250 hadi 350 za vitu vilivyoyeyuka. Tone likikaa juu ya kioo, maji hupaa, kaboni dayoksaidi hutoroka, na chaki inarudi kuwa chaki. Jua likipiga, dirisha zima limejaa viduara vyeupe.

Aliyekulia Mombasa au Unguja anayajua maji ya namna hii. Kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe hutoa maji yanayoigomea sabuni, na birika la chai hujenga ukoko mweupe tumboni. Ni madini yaleyale, kalsiamu kaboneti, ambayo wajenzi wa pwani waliyachoma tanuruni wakapata chokaa ya kuta. Hakuna mtu mwenye akili aliyeipenda chokaa hiyo kwenye vioo.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kufunga mtambo wa kusafisha maji ndani ya vani yake, aoshe madirisha ya ghorofa ya tatu akiwa amesimama chini, aondoke yakiwa bado yanachuruzika, nayo yakauke bila doa. Nitaandika kwa ukali, kwa sababu vifaa hivi huuzwa kwa picha nzuri na kufungwa kwa pupa, na pupa hiyo inaweza kumuua dereva.

Kwanza tuelewe kwa nini maji yasafishwe. Fundi wa zamani hakuwa na shida hii. Alipanda ngazi na ndoo ya maji ya sabuni, akasugua, kisha akayakokota maji yote kwa kifutio cha mpira kabla hayajakauka. Kifutio chepesi cha shaba alichokipatia hataza Ettore Steccone, mhamiaji wa Kiitaliano huko California, mwaka 1936, kingali kinafanya kazi hiyo vizuri kuliko kitu kingine chochote. Tatizo ni ngazi. Kanuni za Uingereza za mwaka 2005 kuhusu kazi za juu zinaanza na agizo moja kubwa: kama kazi inaweza kufanyika bila kupanda, usipande. Ndipo ufito mrefu wenye brashi na mpira wa maji ulipochukua nafasi. Lakini ukiwa chini huwezi kulifuta tone lililoko mita kumi juu yako. Lazima likauke lenyewe. Na tone likikauka lenyewe lisiache kitu, lazima liwe halikubeba kitu. Mtambo wote ninaouzungumzia umetokana na ulazima huo mmoja.

Sasa weka pembeni katalogi ya muuza vifaa. Nunua kwanza mita ndogo ya kupima vitu vilivyoyeyuka majini, ile wanayoiita mita ya TDS. Ni ya bei nafuu na inaingia mfukoni. Haipimi mawe yenyewe. Inapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha inakadiria miligramu kwa lita. Kwa kazi yetu makadirio hayo yanatosha. Nenda nayo kwenye bomba lile lile utakalojazia tangi, si bomba la shemeji yako wa mji mwingine, upime. Nambari utakayoiona ndiyo itakayokuchagulia mtambo.

Ukiwa Glasgow, huenda ukashangaa. Tangu mwaka 1859 jiji hilo linakunywa maji ya ziwa Katrine, yanayotoka kwenye miamba migumu isiyoyeyuka upesi, na mita yako itasoma makumi tu. Hapo chupa moja ya resini inatosha, na anayekushawishi ununue mtambo mkubwa anajali mfuko wake. (Kumbuka tu kwamba Scotland muosha madirisha kwa kawaida anahitaji leseni ya halmashauri, chini ya sheria ya mwaka 1982.) Ukiwa London, Kent au Essex, mita ikisoma 300, fanya hesabu. Siku ya kazi ya mtu mmoja hula takriban lita 400. Lita 400 mara miligramu 300 ni gramu 120 za mawe. Kwa siku tano ni gramu 600. Huo ndio mzigo utakaoutoa majini kila wiki, na kila gramu ina gharama yake.

Resini ni vishanga vidogo vya plastiki vya aina mbili vilivyochanganywa. Aina moja hunasa kalsiamu, magnesiamu na sodiamu, na badala yake huachia haidrojeni. Nyingine hunasa bikaboneti, salfeti na kloridi, ikaachia haidroksili. Vilivyoachiwa hukutana na kuwa maji matupu. Ni kazi ya kupendeza, na mita ikisoma 000 kwa mara ya kwanza utaelewa kwa nini mafundi huwa wanaipiga picha. Lakini kila kishanga kina nafasi zake, na zikijaa zimejaa. Maji ya 300 huijaza resini mara thelathini upesi kuliko maji ya 10. Wanaoosha London kwa resini peke yake huishia kununua mifuko ya resini kama mkate. Resini ikichoka, nambari hupanda taratibu siku moja, kisha hupanda kwa kishindo siku inayofuata, na mara nyingine maji huanza kunuka samaki. Ukiipata harufu hiyo usiulize nani kaleta dagaa. Badilisha resini.

Kwa hiyo kwenye maji magumu, mzigo mkubwa hubebwa kwanza na utando wa RO, yaani ule mtambo wa kusukuma maji kwa nguvu kupita kwenye ngozi nyembamba inayoyazuia madini. Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan waliufanya utando wa kwanza wa kufaa kazi hii kule Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga ukaanza kupata maji ya kunywa kwa njia hiyo. Leo mwenye duka la maji ya kujaza madumu jijini Nairobi anaujua mtambo huu kwa jina la RO bila kuhitaji maelezo yangu. Utando mzima huzuia asilimia 95 au zaidi ya vilivyoyeyuka. Maji ya 300 yanatoka yakiwa 15 au pungufu. Halafu resini inamalizia yale 15 na kukupa sifuri, na resini hiyo sasa itaishi mara ishirini ya ile iliyokuwa inapambana na bomba moja kwa moja.

Mpangilio hauna mjadala. Maji yakitoka bombani yapite kwanza chujio la mchanga na kutu, la maikroni 5. Kisha chujio la kaboni. Kisha utando. Kisha resini. Kisha tangi. Kila mwaka kuna mtu anayeamua kwamba chujio la kaboni ni urembo, analiruka, na kuiacha klorini ya maji ya mjini iutafune utando mpaka uwe unapitisha mawe kwa ukarimu. Chujio la kaboni ni la bei ndogo, utando ni wa bei kubwa, na cha bei ndogo kimewekwa pale kukilinda cha bei kubwa. Machujio hayo mawili ya mbele badilisha kwa ratiba, hata kama yanaonekana safi, kwa sababu kaboni iliyochoka haina rangi ya kukuonya.

Weka sehemu tatu za kupimia: bombani, baada ya utando, baada ya resini. Andika nambari zote tatu kwenye daftari, na tarehe. Ukiona bomba ni 300 na baada ya utando ni 40, utando unaelekea mwisho, na hutaona dalili nyingine kwa muda mrefu kwa sababu resini itakuwa inakufichia aibu kwa gharama yako. Jambo moja linawatisha wageni: mtambo uliolala usiku kucha hutoa maji ya nambari ya juu dakika za kwanza, kwa kuwa madini hupenya utando polepole wakati hakuna msukumo. Yamwage hayo, usiyapeleke kwenye resini, subiri nambari ishuke.

Utando unataka msukumo na unataka joto. Uwezo unaoandikwa kwenye lebo hupimwa maji yakiwa na nyuzi 25 za Selsiasi. Maji ya bomba la Uingereza mwezi wa Januari hayajawahi kusikia habari za nyuzi 25. Yakiwa na nyuzi 6 au 7, utando hutoa karibu nusu tu ya kilichoahidiwa. Ukiongeza bomba lenye msukumo wa bari 2, utajaza tangi mpaka alfajiri. Dawa ni pampu ya kuongeza msukumo, na subira ya kujaza usiku. Tangi liwe na boya la kufunga maji likijaa, ili usiamke ukute uwanja ni bwawa.

Halafu kuna maji yanayokataliwa. Kwa mtambo wa kawaida wa muosha madirisha, lita moja ikipita, nyingine hivi inatoka upande wa pili ikiwa imebeba mawe ya zote mbili. Si sumu. Nywesha bustani, fulia matambara, jaza tangi la choo, lakini usiyaache yatiririke kwenye njia ya waendao kwa miguu usiku wa baridi, kwa sababu asubuhi jirani yako atateleza kwenye barafu uliyomtengenezea. Na pale mpira wako unapoungana na bomba, funga valvu mbili za kuzuia maji kurudi nyuma. Kanuni za maji za mwaka 1999 zinazitaka, na akili inazitaka zaidi: msukumo wa bomba la mtaa ukianguka ghafla, maji ya tangi lako yasinyonywe kuelekea jikoni kwa watu.

Sasa uzito, na hapa naomba usome taratibu.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Haina punguzo. Tangi la lita 650 lililojaa ni kilo 650 kabla hujahesabu tangi lenyewe. Ongeza fremu, betri ya kilo zaidi ya ishirini, chupa ya resini, mpira wa mita mia, fito, ngazi fupi ya dharura, na wewe mwenyewe na koti lako. Vani ndogo nyingi zinaruhusiwa kubeba kitu kama kilo 600 au 700 kwa jumla. Muuzaji atakuambia tangi kubwa ni bora kwa sababu hutalazimika kujaza mara mbili. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Si yeye atakayekuwa akishika breki mteremkoni kwenye mvua. Soma kibati cha uzito kilichopigwa kwenye gari. Toa uzito wa gari tupu kutoka uzito wa juu unaoruhusiwa. Kinachobaki ndicho chako, na watu na vifaa wamo humo humo. Kisha jaza tangi, pakia kila kitu, nenda mizani, upime gari zima na upime kila ekseli peke yake, kwa sababu jumla inaweza kuwa halali huku ekseli ya nyuma inalia. Ikiwa hesabu inakataa lita 650, funga lita 400 na ujaze tena mchana. Askari wa barabarani wa Uingereza hawatasikiliza habari za wateja wako wengi.

Tangi likae mbele, likigusana na ukuta nyuma ya viti, katikati ya ekseli iwezekanavyo. Liwe na vizuizi ndani, maana tangi lililojaa nusu lina mawimbi, na mawimbi hayo huendelea kwenda mbele ukiwa umeshasimama kwenye taa nyekundu. Liwe jeusi au limefunikwa, mwanga ukiingia mwani huota.

Halafu bolti. Chukua kilo 500 za maji na fremu, ziende kwa kilomita 50 kwa saa, zisimamishwe ndani ya nusu mita kama inavyotokea gari linapogonga ukuta. Nguvu inayozivuta kuelekea mgongoni mwako ni karibu mara ishirini ya uzito wake, sawa na tani kumi. Tani kumi haziwezi kuzuiwa na mkanda wa kufungia mizigo uliobanwa kwenye vipete vya sakafu. Haziwezi kuzuiwa na skrubu za mbao. Nimeona matangi yamefungwa hivyo, na waliofunga ni watu wenye watoto nyumbani. Fremu iwe ya chuma, iliyojaribiwa kwa kugongeshwa, na bolti zipite sakafu nzima mpaka kwenye mihimili ya gari, zikiwa na vibati vipana vya chuma chini vya kutawanya nguvu. Kabla ya kutoboa, lala chini ya gari na tochi uangalie kilichopo: tangi la mafuta, mabomba ya breki, nyaya. Tundu likishatobolewa, lipakwe dawa ya kuzuia kutu. Na kama vani yako ni ya umeme, betri yake kubwa iko hapo hapo chini ya sakafu. Usitoboe chochote kabla ya kupata maelekezo ya mtengenezaji. Kama katika mwongozo huu mzima kuna mahali pa kumlipa fundi mwenye cheti, ni hapa. Mengine yote unaweza kuyafanya mwenyewe na ukayarudia ukikosea.

Umeme ni mfupi. Pampu ya volti 12, betri yake ya pili iliyo tofauti na ya kuwashia gari, fyuzi karibu kabisa na betri hiyo. Vani za miaka ya karibuni zina jenereta inayopunguza chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta, hivyo rilei ya kizamani haitoshi; weka chaja ya kutoka betri hadi betri. Ongeza kidhibiti cha mwendo wa pampu. Lita moja na nusu kwa dakika inatosha dirisha la kawaida, na anayefungua hadi mwisho ili aonekane anafanya kazi anamwaga maji aliyoyasafisha usiku kucha. Roda ya mpira ifungwe mahali ambapo mkono unafika bila kuinama.

Majira mawili yatajaribu kuua mtambo wako. La kwanza ni baridi. Maji yakiganda hupanuka, na yakipanuka ndani ya pampu, ndani ya chujio au ndani ya utando, huvunja. Weka kipasha joto salama ndani ya vani usiku, au toa maji kila mahali, isipokuwa utando: huo haupendi kuganda na haupendi kukauka, kwa hiyo utoe mzima ukiwa na unyevu uingie nao ndani ya nyumba. La pili ni kiangazi, na hili watu hulichukulia kirahisi. Bakteria wa lejionela husitawi kwenye maji yaliyotuama kati ya nyuzi 20 na 45, na huingia mapafuni kupitia matone madogo yanayorushwa hewani. Brashi yako inarusha matone hayo siku nzima, karibu na uso wako na karibu na dirisha la bibi mzee mwenye kifua kibovu. Vani iliyoegeshwa juani Julai hupasha tangi vizuri sana. Usiache maji yakae likizo nzima ndani ya gari. Yamwage, osha tangi kwa dawa, suuza, anza upya. Haikugharimu zaidi ya asubuhi moja.

Mtambo ukiwa tayari, usitegemee maji kufanya kazi ya brashi. Maji safi hayana uchawi. Sifa yake ni kwamba hayaachi kitu. Uchafu huondolewa kwa kusuguliwa. Anza na fremu ya juu, maana hapo ndipo vumbi na kinyesi cha ndege vimejificha, na maji yatakayodondoka kutoka hapo ndiyo yatakayotia madoa kioo ulichokimaliza. Sugua fremu zote, kisha kioo, kisha inua brashi usuuze kutoka juu kwenda chini bila haraka. Matundu ya hewa juu ya dirisha yapitie kwa maji kidogo, kwa kuwa huvuja taratibu baada ya wewe kuondoka. Nyumba ambayo haijaoshwa kwa njia hii itahitaji mizunguko miwili mara ya kwanza. Itoze bei ya mizunguko miwili, na useme kwa nini kabla hujaanza.

Mteja aliyezoea ngazi na kitambaa ataona vioo vinachuruzika, akadhani umetoroka kazi. Mweleze mlangoni, kabla hujafungua roda, kwamba maji haya yamevuliwa mawe na hayafutwi. Ukiweza, mpimie bomba lake la jikoni mbele yake, kisha upime ya tangi lako, aone mwenyewe 300 na 000. Akipiga simu jioni kwamba kuna madoa, usibishane naye kwenye simu. Rudi na mita, pima tangi, pima baada ya resini. Ikiwa bado ni sifuri, doa limetoka kwenye fremu na utalisuuza bure. Ikiwa ni 20, resini yako imechoka, na wateja wengine wote wa siku hiyo wanastahili kupigiwa simu na wewe kabla wao hawajakupigia.